Kiguu-na-Njia na Mteremko Ulioitwa Upara

Wasifu huu utakuwa mfupi kadiri inavyowezekana, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kukaa akasikiliza wasifu wa mtu hadi mwisho. Wengi wenu mliokuja leo mmewahi kumwona mazishini. Msomaji akifika tu kwenye masomo ya marehemu, yeye keshainuka, keshazunguka nyuma ya watu, yuko kwenye rundo la udongo uliotoka kaburini, ameuchota kiganjani anausaga kwa kidole gumba na kuunusa. Mke wake alimsihi miaka nenda miaka rudi aache kumwaibisha mbele za watu. Alijibu kwamba hakuna siku nyingine mtu anakuchimbia shimo la futi sita bila wewe kumwomba, na kwamba kuondoka bila kulitazama ni uvivu.

Wasifu umeandikwa, na sasa unasomwa, na binti yake wa pili. Humu ndani atajitaja kama mtu mwingine, maana ndivyo wasifu unavyoandikwa, na maana akijaribu vingine hataumaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Februari 1950, katika nyumba hii hii mnayoiona nyuma ya hema, chumba cha upande wa mashariki, kile chenye dirisha linalotazama zizi. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kiume peke yake. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba hakubebeka. Akifungwa mgongoni anajipinda, akilazwa anabiringika, akishikwa mkono anauchomoa. Alitembea akiwa na miezi tisa. Kabla hajatimiza miaka miwili alikwisha kupotea mara nne, na mara zote nne walimkuta kwenye malisho, amekaa kati ya ng'ombe anachimba kwa kijiti. Jina la Kiguu-na-Njia alipewa na shangazi yake siku ile ya nne, baada ya kumtafuta kutwa nzima, na likamganda mpaka leo. Kuna watu humu ndani ambao ndiyo kwanza wameliona jina lake halisi kwenye bango la hapo langoni.

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Hakuwa mtoto mtundu, ila hakutulia. Mwalimu wake wa darasa la tatu, baada ya kuchoka kumwambia "kaa chini" mara ishirini kwa siku, alimpa kazi ya kugonga kengele, ili awe na sababu halali ya kutoka. Aliigonga kengele ile kwa miaka mitano mfululizo, na inasemekana katika miaka hiyo vipindi vilikuwa vifupi kuliko kawaida. Masomo yenyewe yalimwingia. Alifaulu, akaendelea na sekondari, akarudi nyumbani kila likizo akiwa na viatu vilivyoisha soli.

Ilikuwa likizo moja ya shule ya msingi, mwaka 1962, baba yake alipomwita kwenye mteremko ulio juu ya nyumba. Wakati huo haukuwa na jina. Yalikuwa malisho tu, nyasi zilizofika magotini, na wazee wake hawakuwahi kuyagusa kwa jembe. Baba yake alikuwa anachimba shimo la nguzo ya uzio. Alipiga goti, akauzamisha mkono shimoni, na udongo mweusi ukamfika kwenye kiwiko. Akamwonyesha mwanawe ule mkono uliochafuka. "Dhiraa nzima," akasema. "Hapa hapalimwi. Hapa ni pa nyasi na ng'ombe. Umesikia?" Mtoto akasema amesikia. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, anataka kwenda kutazama shimo la pili.

Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha kilimo, akamaliza Novemba 1973 na cheti cha daraja la kwanza. Katika somo la udongo alikuwa wa pili darasani. Kwenye mtihani wa mwisho liliulizwa swali kuhusu jinsi ya kulima mahali penye mteremko, akaeleza vizuri kabisa kwamba mistari ikatize mteremko, maji yapate kizuizi, na akapata alama zote. Karatasi ile ya mtihani ipo. Aliitunza mwenyewe, kwenye sanduku la vyeti, na hakuitunza kwa kujivunia.

Kwa sababu tarehe 22 Machi 1976, baba yake akiwa amekwenda kumwuguza dada yake kwa wiki tatu, Kiguu-na-Njia aliazima trekta la jirani akaulima ule mteremko wote. Aliulima kwa siku mbili. Aliulima kutoka juu kwenda chini, moja kwa moja, mistari imenyooka kama uzi, kwa sababu kutoka barabarani ilionekana vizuri, na kwa sababu kulipitisha trekta kwa kukatiza mteremko kulimtia hofu. Sababu ya kwanza alikuwa akiwaambia watu. Ya pili alimwambia binti yake wa pili tu, miaka arobaini baadaye, wakiwa ndani ya gari, akitazama nje.

Watu walipita barabarani wakasifu. Siku kumi na nane walisifu. Ijumaa ya tarehe 9 Aprili mvua ilianza saa nane mchana, na kufikia saa kumi ile mistari iliyonyooka ilikuwa mifereji, na udongo mweusi wote, ule wa dhiraa nzima, ulikuwa unateremka mbele ya macho yake. Mwingine ulikwama hapa chini, tuliposimama. Mwingi ulikwenda mtoni. Alikimbia huku na huku na jembe la mkono akijaribu kuziba, anaziba hapa, pale panafumuka. Mama yake alimwita aingie ndani asije akapigwa na radi, hakusikia.

Baba yake alirudi Jumapili. Alikuta mteremko umekuwa mwekundu na mawe yamechomoza. Hakumpiga, hakumfokea. Alisema, "Mistari yako imenyooka kweli. Sasa nenda mtoni ukaurudishe." Kisha akaingia ndani kuvua viatu.

Ndugu zake walidhani baba anatania. Pengine alitania. Lakini Jumatatu asubuhi Kiguu-na-Njia alichukua toroli, akashuka mtoni, akalijaza tope, akalipandisha hadi juu ya mteremko akalimwaga. Akarudi. Kesho yake vile vile. Aliendelea kwa mwezi na nusu, na watoto wa jirani ndio walioanza kuuita ule mteremko Upara, kwa jinsi ulivyong'aa jua likiupiga.

Kwenye kazi hiyo ndipo alipompata mke. Alikuwa fundi cherehani aliyekuja kupima sare za kwaya, akakutana na kijana amejaa tope hadi kwenye nyusi, anasukuma toroli mlimani.

"Kaka, unahamisha mto?" akamwuliza.

"Narudisha udongo wa baba."

"Umebaki mwingi?"

Akalisimamisha toroli. Watu wote waliopita walikuwa wamemcheka au wamemshauri aache. Huyu alikuwa ameuliza swali, na anasubiri jibu. "Mwingi," akasema, "mwingi sana." Yule dada akaweka chini utepe wake wa kupimia, akashika mkono mmoja wa toroli. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1977. Katikati ya chakula bwana harusi alionekana hayupo, na mama mkwe wake akaanza kulia akidhani amekimbia. Walimkuta Upara, na suti yake, amechutama anatazama kama mbegu za nyasi alizopanda zimeshika. Mama yetu anasema hapo ndipo alipojua ameolewa na nani, na kwamba keki ilikuwa bado haijakatwa.

Kazi yake, kwa miaka arobaini na saba, ilikuwa shamba hili. Aliliendesha kwa miguu. Aligawa malisho ya bondeni katika vitalu saba, na ng'ombe hawakukaa kitalu kimoja zaidi ya siku tatu: nyasi zikifika kwenye kifundo cha buti lake, mifugo inatoka, na kitalu kinafungwa hadi zirudi kufika nusu ya muundi wa mguu wake. Mahindi aliyapanda mahali pamoja misimu miwili tu, kisha mikunde, kisha nyasi. Mabua hakuyachoma hata siku moja. Mtu akichoma mabua jirani, moshi ukionekana, alikuwa anainuka mezani kwenda kumwomba aache, sahani anaiacha nusu. Samadi aliigeuza kwa fimbo yake kutafuta mende wa mavi, na akiwakuta anarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyepata mjukuu. Alihesabu nyungunyungu. "Leo kwenye koleo moja, kumi na wawili!" alitangaza siku mchumba wa kitinda mimba wake alipokuja kujitambulisha, wageni wakiwa na vijiko midomoni. Huyo mchumba ameketi mstari wa mbele. Hakukimbia, na familia inamshukuru.

Ila roho yake ilikuwa Upara. Toroli la tope aliliacha alipoelewa kwamba mto haurudishi. Udongo itabidi utengenezwe pale pale, polepole, na yeye subira hiyo hakuwa nayo. Alichimba makinga maji kukatiza mteremko, safari hii kwa kipimo. Akapanda majani ya tembo kwenye kingo, akatandaza samadi, akapanda mikunde ya kutambaa, akakata nyasi akaziacha pale pale zioze. Mwaka 1977 fundi wa kuchomelea alimtengenezea nondo nyembamba yenye ncha, na juu yake mkono wa kushikia. Akamwomba baba yake alaze mkono kando ya nondo, kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko, na hapo kwenye kiwiko akachora pete ya rangi nyekundu.

Kanuni zake zilikuwa hizi, na nyumbani kwetu tulizijua kabla ya kujua kusoma. Nondo inasukumwa siku ya tatu baada ya mvua kubwa ya kwanza, si kabla, maana udongo uliolowa unadanganya. Inasukumwa kwa mikono miwili bila kuilalia kwa tumbo. Inasukumwa mahali kumi, na panapohesabika ni pale inapogoma mapema kuliko pote. Na mpaka mahali hapo pafike kwenye pete nyekundu, ukwato haukanyagi Upara.

Mwaka huo wa kwanza nondo ilizama upana wa vidole vitatu. Aliandika kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo, na kila mwaka akaongeza mstari. Ipo yote hadi leo. Kidole kimoja kilimchukua miaka miwili na kitu. Baba yake alifariki mwaka 1991, vikiwa vimebaki vidole kumi na sita kufika kwenye pete, na tangu hapo marehemu hakuweza tena kukaa kwenye kiti kwa mlo mzima.

Mwaka 2015 alimkabidhi binti yake wa pili usimamizi wa shamba. Alisema amestaafu. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi binti alimkuta zizini, ameshika kalamu yake mwenyewe na daftari lake mwenyewe. "Nilikuwa napita tu," akasema. Alipita tu kila siku kwa miaka saba.

Waligombana, na hili binti hatalificha. Ukame wa mwaka 2021 vitalu vyote saba vilikwisha, ng'ombe wanalamba uzio, na kule juu Upara umejaa nyasi zinazokauka zimesimama.

"Baba, siku moja tu," akamwambia. "Wanapita, wanakula juu juu, wanatuachia samadi. Kitaalamu hata udongo unafaidika."

"Siku moja," akasema. "Hata mimi nililima siku mbili."

Kitaalamu binti alikuwa na haki, na wote wawili walijua. Alhamisi moja marehemu akiwa kliniki, binti alifungua lango akaingiza ng'ombe kumi na mmoja. Gari lilirudi mapema. Marehemu alishuka kabla halijasimama. Aliwatoa ng'ombe mmoja mmoja, kisha akapiga magoti akaanza kujaza alama za kwato kwa mkono, moja baada ya nyingine, mzee wa miaka sabini na mmoja, mpaka binti akaja akapiga magoti upande wa pili naye akajaza. Hawakusemeshana kwa wiki mbili. "Mwambie binti yako chumvi ya ng'ombe imekwisha." "Mwambie mumeo nimeshaagiza." Mama yetu alikaa katikati yao mezani akasema yeye hakuolewa ili awe simu.

Ugonjwa ulianza Novemba 2022, moyo. Miguu ilivimba, ile miguu. Daktari aliandika kwenye karatasi kwamba apumzike, naye akaisoma akauliza, "Mpaka lini?" Alilazwa mara tatu. Mara ya pili nesi alimkosa kitandani akamkuta bustanini na gauni la hospitali, anamwomba mtunza bustani asifagie majani yaliyodondoka, ayaache yafunike udongo. Mara ya tatu, Machi mwaka huu, hakuweza tena kushuka kitandani. Lakini chini ya shuka nyayo zake zilikuwa zinakwenda, kulia kushoto, kulia kushoto, mchana kutwa. Ndugu waliokuja kumwona walimshika miguu kwa kudhani ni maumivu. Hayakuwa maumivu. Alikuwa anakagua shamba.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumatano, tarehe 12 Aprili. Alihesabu siku mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na sita hakuweza kuishika nondo, akamtuma binti yake wa pili.

Jumamosi asubuhi binti alipanda Upara. Mahali pa kwanza nondo ilizama hadi kwenye pete, akapiga kelele peke yake kama mwendawazimu. Pa pili, pa tatu, mpaka pa tisa, pete nyekundu inagusa nyasi. Pa kumi ni kule juu, chini ya lile jiwe, mfereji mkubwa wa mwaka 1976 ulipoanzia. Nondo iligoma. Akaichomoa, akaisukuma tena pembeni kidogo, ikagoma pale pale. Vilibaki vidole viwili. Akakaa chini kwenye nyasi akalia kwa hasira, maana daktari alikwisha kuwaambia kwamba ni suala la siku. Kisha akang'oa nyasi, akaifuta nondo ikawa safi, akaendesha gari hadi hospitali.

"Imefika?" Hakungoja salamu.

"Imefika, Baba."

"Pote kumi?"

"Pote kumi."

Nyayo chini ya shuka zikasimama. Binti hakuwa amewahi kuziona zimesimama, na mama yake, ambaye amelala kando ya nyayo hizo kwa miaka arobaini na mitano, akaacha kumenya chungwa. Binti alifurahi. Anaomba mlielewe hilo: alifurahi sana, alijiona amefanya jambo jema kuliko yote aliyowahi kumfanyia baba yake.

"Nondo iko wapi?" baba yake akauliza.

"Kwenye gari. Nimeifuta."

"Umeifuta."

Na nyayo zikaanza tena, kulia kushoto, kulia kushoto.

"Rudi tena," akasema. "Mara hii usiifute."

Binti angeweza kusema ukweli hapo hapo. Hakusema. Alisema atarudi, na usiku huo wa kuamkia Jumapili mvua nyingine kubwa ikanyesha, na kwa kanuni ya marehemu mwenyewe ikabidi angoje siku ya tatu, yaani Jumatano. Jumapili na Jumatatu alikaa kando ya kitanda akamkanda miguu. Aliongea habari za ndama, za dereva wa trekta, za bei ya mbegu. Marehemu alimsikiliza akatikisa kichwa kwa adabu, kama mgeni.

Jumanne, tarehe 18 Aprili 2023, asubuhi, alimwuliza mkewe, "Mvua imekata?" Mama yetu akachungulia dirishani akamwambia imekata tangu Jumapili. "Basi kesho," akasema. Saa nne na dakika arobaini nyayo zilisimama.

Jumatano binti alipanda Upara. Watu walikuwa wanafunga hema, akina shangazi wanamwuliza anakwenda wapi na chuma wakati kama huo. Alisukuma nondo mahali kumi, kwa mikono miwili, bila kuilalia. Mahali tisa ilifika kwenye pete. Pa kumi palibaki vidole viwili. Aliishusha ikiwa na udongo wake, akaingia jikoni, akamweleza mama yake kila kitu, hata lile la kuifuta.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Alijua," akasema. "Ulipotoka tu Jumamosi aliniambia, 'Vimebaki viwili, au vitatu. Mwaka juzi vilikuwa vitatu, vitaruka vipi?' Alikuwa amekwisha kupiga hesabu kabla hujafika."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwuliza. Akasema, 'Mwache. Lile jibu nililitaka na mimi.' Halafu akaniambia nisikugombeze." Akapeperusha mchele. "Sikugombezi. Ila usirudie."

Binti huyo, ambaye sasa mnamwona amesimama mbele yenu, anamwomba baba yake radhi mbele ya ndugu, majirani na wafanyakazi wote wa shamba hili. Alimpa mgonjwa jibu la uongo, akamwacha afe nalo, na hilo atalibeba. Nondo ndiyo hiyo imeegemezwa kwenye kiti chake, kile alichokuwa hakikalii. Haijafutwa. Anayetaka kuhesabu, ahesabu.

Marehemu alichagua mwenyewe mahali pa kuzikwa: "Chini ya Upara, siyo juu yake." Dereva wetu wa trekta, ambaye yeye na wenzake walichimba jana, alitoka kaburini amejaa weusi hadi kifuani. Akasema, "Dada, hapa siyo dhiraa. Nimechimba hadi kiunoni, bado ni mweusi." Ndio ule uliokwama hapa mwaka 1976. Rundo lake hilo hapo pembeni. Leo hakuna wa kulizunguka nyuma ya watu na kulinusa, kwa hiyo anayeweza, tafadhali, asiondoke bila kuuchota japo kiganja kimoja akautazama.

Ameacha mjane, watoto wanne, kifungua mimba ambaye ni nesi, binti wa pili ambaye ni msimamizi wa shamba, wa tatu ambaye ni dereva wa malori na kwa kutotulia amemrithi baba yake, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, wakwe watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa, aliyekuwa akimtafuta alipopotea, wafanyakazi sita aliowachosha, na ng'ombe thelathini na mmoja ambao hawakualikwa, lakini mnawasikia.

Tangazo moja kabla hatujamteremsha. Wenye haraka ya kufika barabarani wataona kwamba njia ya mkato ni kupanda moja kwa moja kupitia Upara. Mnaombwa mzunguke. Lango limefungwa na litaendelea kufungwa, kwa mifugo na kwa watu, mwaka huu, na mwakani, na miaka minne au mitano ijayo. Binti yake ndiye atakayeisukuma nondo, siku ya tatu baada ya mvua, na atakachokiona ndicho atakachokiandika nyuma ya mlango wa stoo. Mstari wa mwaka huu ameshauandika.

Baba, imepungua vidole viwili. Tutavitafuta sisi. Wewe sasa kaa chini.

Apumzike kwa amani, na safari hii asiinuke kwenda kutazama mawingu.